Saa za Ijumaa katika hesabu ya mashine

Leo nimeingia kwa meneja wetu nikiwaka moto.

Alitaka kumwondoa Bi Mwanakombo kwenye mashine ya kusokota kamba za mkonge, eti ufanisi wa mashine yake umeshuka mno.

Nikaishika karatasi ya hesabu. Kumbe saa za swala ya Ijumaa, ambapo kiwanda kizima huzima mashine kwa ratiba, zimeandikwa kama saa za mashine kuharibika!

"Mjinga gani kaandika hivi?"

Meneja akavua miwani. "Mwandiko huu si wako, Bwana Hoza?"

Ulikuwa wangu.

Tukapiga hesabu upya. Ufanisi ukapanda, na Bi Mwanakombo anabaki. Alhamdulillahi!

Nikaenda kumwomba radhi. Akacheka mpaka akashika kiuno: "Kumbe mtetezi wangu ndiye mchawi wangu!"

Haya, nichekeni. Leo sijibishani na mtu.