Kile Mama Aliniachia

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja. Mama alikufa Lubero, titi limeoza. Bandugu walisema ni sumu. Papa alikuwa amemtangulia kufa, donc nikaja Butembo mikono mitupu, nikashona magunia ya viazi yaliyopasuka. Masomo yaliishia darasa la pili.

Batoto wangu nimewaambia miaka yote: mimi hapana rithi kitu kwa mutu.

Halafu binti yangu, anayeuza vitenge Beni, akapata uvimbe kwenye titi. Bandugu wakasema tena sumu. Wengine wakasema damu ya bibi yangu, mama yake binti, ndiyo mbaya. Nilikuwa nimechoka nao. Tukavuka mpaka pale Kasindi, tukafika Kampala.

Munganga wa hospitali akaniuliza, "Muzee, upande wako nani alikufa na titi?"

"Mama. Na dada yake. Mais mimi ni mwanaume."

"Mwanaume pia anapitisha kwa watoto wake."

Akaeleza polepole. Ndani ya mwili kuna nyuzi ndogo sana zinazobeba maagizo yake. Zinakatika kila siku, mwili unazishona. Kuna watu wanazaliwa na fundi mmoja wa kushona ameharibika. Makosa yanalundikana, na hapo kansere inaweza kuzaliwa. Hiyo nilielewa: gunia lililoshonwa vibaya linapasuka pembeni ya mshono. Mais kansere ya namna hiyo yenyewe haijui kushona vizuri, akasema. Kuna dawa inayokata nyuzi zake. Ikishindwa kujishona, inakufa.

Wakapima damu yetu wote wawili. Kosa hilo la fundi lilikuwa kwake. Lilikuwa kwangu pia.

Tulikaa kwenye banc ya mbao ya hospitali. Yeye akacheka kidogo.

"Kumbe papa ulirithi. Tena umenigawia urithi kabla ya kufa."

"Nyamaza, kunywa maji."

Alipewa ile dawa kwenye mshipa, miezi mingi. Nywele zilianguka, alitapika njia yote ya kurudi. Uvimbe ulipungua, wakaukata. Wadogo zake nimewaambia waende kupimwa. Mmoja bado anakataa. Bandugu bado wanasema sumu. Sibishani tena.

Leo niko na nyumba ya matofali Butembo, depo ya viazi, shamba la Luofu ambalo sifiki tena sababu ya vita, Fuso moja, maana ingine iliuzwa kwa dawa, na sindano ya magunia. Niko na binti anayeuza vitenge Beni. Na hii damu ya mama.