Mke Wangu Waliyemwita Shoti

Mke wangu hasamehi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani namsimulia mtakatifu. Kazi yake ni kusafisha na kutunza kompyuta za majumbani, yale makasha makubwa yanayokaa chini ya meza, na anaifanyia katika chumba chetu cha nyuma. Wageni wakileta mashine anawapokea vizuri na kuwapangia siku. Ndugu zangu wakileta, anaonyesha ukutani na kusema, "Iache hapo." Shangazi yangu aliiacha ya kwake hapo wiki saba. Kila akipiga simu alijibiwa kwa upole uleule: "Bado naogopa kuiua, shangazi."

Shangazi anajua kwa nini, na ukoo mzima unajua. Miaka sita iliyopita mke wangu alikwenda nami kwa kaka yangu mkubwa, mkuu wa shule, kumsafishia kompyuta bure, kwa heshima ya ushemeji tu. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga, ikawaka vizuri. Akatoka kwenda kunawa mikono. Kaka akavuta kiti, akaweka kikombe cha chai juu ya kasha, palepale penye matundu ya hewa, akaanza kunipa habari za ofisini kwake. Kaka anaongea kwa mikono. Kikombe kikalala, chai yote ikazama ndani, mashine ikalia mara moja na kuzimika, na harufu ya kuungua ikatoka.

Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Kaka akafuta juu kwa leso, akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, wewe hukuona kitu." Huyu ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Nikaitikia kwa kichwa. Mke wangu aliporudi alikuta kosa limeshapewa mwenyewe: shemeji kagusa asichokijua, kapiga shoti. Jioni ile habari ilikuwa imemfikia mama, na wiki haikuisha kabla hajabatizwa jina. Shoti. Akiingia kwenye shughuli yoyote ya familia, lazima mtu aseme, "Ficheni redio, Shoti kafika." Na ile kazi ya kutunza kompyuta za shule ya kaka, aliyokuwa ameahidiwa, ikaenda kwa mwingine.

Aliniuliza mara moja tu. "Si ulikuwepo? Ilikuwaje?" Nikamwambia sikuwa naangalia.

Basi mwezi uliopita kaka akaja mwenyewe. Kompyuta yake mpya ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga na kujizima kila baada ya dakika kumi, na mitihani ya shule nzima imo humo. Mafundi wawili walikuwa wameshindwa, wa tatu kamwambia anunue nyingine. Alisimama mlangoni na hakuna aliyemwonyesha kiti. Raha niliyoiona pale sitaificha. Kaka amezoea kukaa kabla hajakaribishwa.

"Shemeji," akasema, "yaliyopita si ndwele."

"Ndwele aliugua nani, shemeji?" mke wangu akamuuliza, akiendelea kusugua feni ya mtu. "Nitaisafisha. Lakini si hapa. Jumapili, kwa Mama, na wote wanaoniita Shoti wawepo."

Kaka akakubali. Alidhani mwanamke anataka kujionyesha tu. Mimi nilimjua zaidi kidogo.

Jumapili sebule ya mama ilijaa. Mke wangu akatandika shuka kuukuu mezani, akachomoa waya wa umeme, akalaza kasha ubavu na kufungua skrubu moja moja, kila moja akiiweka kwenye kisahani. Vumbi ndani lilikuwa limeshikana kama blanketi. Hakukimbilia kupuliza. Alizuia kwanza mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, ndipo akapuliza. Akachomoa vipande vya memori, akasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa wanafunzi. Akang'oa feni ya prosesa na chuma chake cha kupozea, akakwangua dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama chokaa, akapaka nyingine, tone dogo tu katikati. Shangazi alijaribu mzaha wake wa redio. Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wanaangalia ile mikono.

Akaunganisha waya, akawasha. Mashine ikaamka kimya kabisa. Tukakaa dakika ishirini na haikuzimika. Kaka akapumua, akanyoosha mkono aichukue. Mke wangu akaizima taratibu, akauchomoa waya na kuuviringisha kiganjani.

"Ile ya kwanza ilikufaje, shemeji?"

"Aa, mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani kwako. Miaka minne iliyopita niliikuta kwa muuza vyuma chakavu nikaifungua. Ndani kulikuwa na utando wa maziwa na sukari, na sisimizi waliokauka. Mimi siku ile sikunywa hata maji kwako. Sasa waambie."

Kaka akatazama dari, akatazama saa yake. Mama, ambaye kwa kawaida humtetea kabla hajakosea, akasema, "Jibu, mwanangu. Njia ya mwongo fupi."

"Nilimwaga chai," kaka akasema. Papo hapo akatafuta wa kumbebesha nusu. "Hata mdogo wangu alikuwepo. Aliona yote."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilimtazama mke wangu nione mshtuko, na sikuuona. Alikuwa anarudisha brashi zake kwenye mfuko. "Hilo nalijua," akasema, akamkabidhi kaka waya wake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Shangazi akaanza kuomba radhi. Mama akashika kichwa. Kaka akabeba kompyuta yake akatoka bila kuaga, na mke wangu akamsindikiza kwa macho mpaka mwisho, akiwa ameshiba.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mchana wa jua kali, mimi nimebeba mfuko wa vifaa.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa nne huu."

Miaka minne. Tumelala kitanda kimoja, tumecheka, tumemzika baba yake, na mimi nimemwona akiitwa Shoti nikatabasamu na wenzangu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe." Akaupokea mfuko mkononi mwangu, akautundika begani kwake. "Sasa sisubiri tena."