Usiwaambie Unakaa Spånga

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu Elia, mpaka koti nililovaa nalikumbuka, la rangi ya maziwa, nililolinunua ili nifanane na watu wa mjini. Kaa hapo, malizia chai yako. Sikuwa nakusikiliza makusudi. Jiko langu ni dogo na wewe ukishika simu unapaza sauti. Nimekusikia ukimwambia huyo mwenzako wa kazini, kwa Kiswidi chako kizuri, kwamba unakaa Spånga. Nikageukia dirishani nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Bibi yako, jirani yangu wa miaka yote hii, yuko ghorofa ya chini yangu. Magoti yanamsumbua lakini masikio yake mazima, na Kiswidi siku hizi anakisikia. Afadhali nimekusikia mimi.

Usinune. Najua utaniambia barua zetu zote zimeandikwa Spånga, na ni kweli, posta ndivyo walivyopanga. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba Spånga ni ile ya upande wa pili, yenye nyumba za mbao na miti ya matofaa uani, na sisi tunakaa Tensta, kwenye maghorofa. Mtu akikuuliza unakaa wapi, hakuulizi habari za posta. Mchezo huo niliucheza mimi kabla hujazaliwa, na niliucheza kwa ustadi kukushinda wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilitoka Tanga kuja kusomea uuguzi, nikaolewa, ndoa ikavunjika, nikabaki na Rehema wangu wa miaka sita na kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko mjini. Kazini nilikuwa na mwenzangu aitwaye Lena, Mswidi, mcheshi, mtu wa kunywa naye kahawa. Magazeti wakati ule yalikuwa yakiiandika Tensta kama vile ni ugonjwa. Basi Lena aliponiuliza nakaa wapi, mdomo ukasema Spånga kabla sijaufikiria. Akaniuliza kama nina bustani. Nikasema ninayo, ndogo.

Uongo ule ulinipa kazi jamani! Treni ya chini ya ardhi ingenifikisha Tensta moja kwa moja. Lakini Lena alipanda ile treni nyingine ya juu, inayopita Spånga, kwenda kwake Jakobsberg. Ikabidi nami niipande. Nashuka Spånga, nampungia mkono, nasubiri treni iondoke, ndipo nakimbilia basi la kurudi kwetu. Kila siku hivyo, na baridi lile! Lena akiniuliza habari za bustani, namwambia konokono wamemaliza saladi yote. Nilikuwa nimewasikia wazee wetu kazini wakilalamika hivyo.

Na aliyenishikia mtoto muda wote huo ni bibi yako, Mama Furaha. Ulikuwa mwaka wake wa pili tangu atoke Bukavu, Kiswidi bado kinampiga chenga. Alimchukua Rehema shuleni, akamlisha, akamsuka nywele, na Rehema naye akawa mdomo wake. Wewe mwenyewe umekua ukimtafsiria bibi yako, kwa hiyo unajua kazi ile: kwa daktari, dukani, ofisini, mtoto anasimama katikati ya watu wazima anageuza kila neno. Rehema aliifanya kwa bidii sana, haruki hata neno moja. Hilo ndilo nililolisahau.

Basi ile siku ya koti la rangi ya maziwa, Lena alikuwa na miadi na daktari wa meno pale Spånga, tukashuka pamoja. Tunateremka ngazi za kituo, namwona Mama Furaha amesimama na kitenge chake juu ya koti la baridi, amemshika Rehema mkono. Rehema alikuwa ameng'oka jino la kwanza, akakataa kusubiri, naye Mama Furaha akampandisha basi waje kunipokea, maana walijua napitia kituo hicho. Mtoto akanikimbilia, "Mama! Jino!" Nikamkumbatia. Lena akafurahi, akamtazama Mama Furaha, akaniuliza kwa Kiswidi huyu ni nani.

Ningeweza kusema jirani yangu. Lakini jirani wa Spånga aliyevaa hivi, asiyejua Kiswidi? Nikaona bustani yangu inateketea pale pale. Nikasema, na macho yangu makavu, "Huyu ni mfanyakazi wetu wa nyumbani."

Mama Furaha akampa Lena mkono, anatabasamu, hajaelewa kitu. Lena akamwambia Rehema ana bahati kukaa Spånga penye bustani, akaenda zake kwa daktari, nasi tukapanda basi. Rehema akakaa na Mama Furaha kama kawaida yake, mimi kiti cha mbele yao. Nikamsikia mwanangu akianza kazi yake. "Mama amesema wewe ni mfanyakazi wetu, na yule dada amesema tunakaa Spånga." Kisha akauliza, "Mama Furaha, kwa nini mama hakusema tunakaa nyumba moja? Nyumba yetu ni mbaya?" Sikugeuka. Nilitazama nje dirishani mpaka Tensta, uso unaniwaka moto.

Bibi yako hakunisemesha juma zima. Salamu aliitikia, mtoto alimchukua na kumlisha, hakupunguza kitu. Jumamosi ikafika zamu yetu ya kufua katika chumba cha mashine cha jengo zima. Wakati ule zamu unaishika kwa kufuli ndogo yenye namba ya nyumba yako, unaichomeka kwenye ubao mlangoni, na sisi wawili tulikuwa tunashikiana zamu. Nikashuka na kapu langu kule chini, nikamkuta anakunja shuka. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bon," akasema, kwa Kiswahili chao cha Bukavu chenye Kifaransa ndani yake. "Weye unaikalaka Spånga, si njo vile? Sasa hizi nguo zako zinatafuta nini huku Tensta?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kujitetea, mara Waswidi, mara magazeti, mara kazi. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Kisha akasema, nami nakupa maneno yake kama yalivyo: "Kuitwa mutumishi haiko kitu. Nimefanyaka kazi ya nyumba za watu kule kwetu, sina na haya. Lakini mutoto ananiuliza kama nyumba yao iko mubaya. Nimujibu nini? Ule mutoto iko na nyumba moja tu, na weye umemunyanganya."

Nikalia pale pale, mashine zinanguruma. Nikamwomba radhi. Akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kukunja, akasema radhi yake nimeshaipata, bado ya mtoto, na ya mtoto haitaombwa kwa mdomo. Nimlete yule dada wa kazini hapa, ale, na Rehema awe amekaa anaona.

Hiyo adhabu niliiogopa kuliko kufukuzwa kazi. Siku tatu nilimzungukazunguka Lena. Siku ya nne nikamwambia yote kwenye chumba cha kubadilishia nguo: bustani hakuna, konokono hawapo, nakaa Tensta, na yule mama ndiye anayenilelea mwanangu. Nilidhani atacheka, au atakasirika. Akasema Jumapili atakuja.

Akaja na maua. Nilimfuata kituoni, nikamwongoza kupita maduka yetu, kinyozi, muuza samaki, wale kina mama wa Kisomali kwenye benchi lao, nami namweleza kama mgeni. Kumbe najisumbua! Tulipofika kwenye kona akakata kushoto kabla sijamwonyesha njia.

Tulikula wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, Mama Furaha ameketi mwanzo wa meza na lesso yake bora, Rehema katikati. Lena akala kidogo, akasimama dirishani. Akasema yeye alikaa Tensta kuanzia miaka minne mpaka kumi. Mji haukuwa na nyumba za kutosha, serikali ikajenga haraka haraka juu ya mashamba ya zamani na uwanja wa mazoezi wa jeshi, na watu wakahamia kabla mtaa haujakwisha. Tope lilikuwa mpaka vifundoni, na treni ya chini bado haijafika. Mama yake alifunga mifuko ya plastiki juu ya viatu mpaka kituo cha basi, halafu anaivua, asijulikane ametoka wapi. Magazeti yalikuwa yakiusema vibaya mtaa huu tangu siku hizo, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja wa kulaumiwa!

"Na shuleni," akasema, "nilikuwa nasema nakaa Spånga."

Rehema akatafsiri. Mama Furaha akapiga makofi kwa kicheko. "Ee Mungu! Donc hii ugonjwa mulikuta hapa hapa!" Nami nikacheka mpaka machozi. Rehema peke yake hakucheka. Akamuuliza Lena kwa Kiswidi kama nyumba hizi zilikuwa mbaya.

Lena akachuchumaa mbele yake. Akamwambia hapana. Akasema kwenye ngazi yao kulikuwa na mama mmoja, na kila mtoto aliyekuta mlango wa kwao umefungwa alikula kwake. Yeye alikula pale miaka mingi. "Na sasa jina lake silikumbuki," akasema. "Sikuwahi kumtaja kwa mtu. Ningemtaja, ningelazimika kusema nilikaa wapi."

Akalia yule mwanamke, mtu mzima na sare yake ya heshima kazini. Rehema akamtafsiria Mama Furaha pole pole, neno kwa neno. Mama Furaha akampakulia Lena wali zaidi. Mimi nikamshika mwanangu, nikamwambia mbele ya wote kwamba nyumba yetu ni nzuri, na Mama Furaha ni jirani yetu, na mama yake alisema uongo kwa sababu aliona haya, na haya ile ilikuwa ya kijinga. Akanitazama sana. Kisha akaomba soda.

Sasa sikia ninachokuambia. Ukitaka kuhama, hama, tena nitakusaidia kubeba masanduku. Rehema wangu amehama na hajanikosea kitu. Mtaa huu una shida zake, mimi sitakuficha. Nimeona polisi hapa chini, nimezika watoto wa watu. Ukiulizwa, yaseme na hayo. Ila usiukane. Ukishasema hukai hapa, itabidi umfiche aliyekulea hapa, na ukimficha miaka mingi atakutoka hata kichwani, uje uzeeni unamtafuta jina humpati. Mpigie huyo mwenzako. Mwambie unakaa Tensta, jengo moja na bibi yako, na utaje jina lake.

Haya, nenda. Mungu akufungulie milango ya kazi, akupe mke mwenye subira na hilo domo lako, akupe nyumba popote utakapopapenda. Na akishakupa nyumba, Elia mwanangu, akupe na majirani wa kukugongea mlango bila kukupigia simu kwanza. Amin.