Nitafutie Mahali

Baba yangu alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu wa Mara, na kama wengi wa kwao alipokutana na l aliigeuza r. Alisema chakura, alisema kurara, na jioni vijana wa bendi walipojaa uani kwetu na nyaya zao, alitoka na kiti chake akawaambia, "Kaeni mahari pamoja, msinikanyagie mchicha." Mama, aliyefundisha Kiswahili sekondari, aliinamia madaftari ya wanafunzi asionekane anatabasamu. Hakuna mwingine aliyethubutu hata kutabasamu. Suruali ya baba ilikuwa na mstari wa pasi, na mfukoni mwake mlikaa muhuri wa ghala.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kidato cha tatu na tayari nilikuwa nimejitangaza kuwa mtunzi, ingawa wasomaji wangu walikuwa mama na mbu. Wakati huo roki ilikuwa imewaingia vijana wa Mtwara kama homa. Ilishuka na mabaharia waliofuata korosho: waliacha kanda, kanda zikanakiliwa mpaka sauti ikawa kama mtu anayepiga kelele ndani ya pipa, na vijana wakaipenda hivyo hivyo, na pipa lake. Bendi yetu ilikuwa na magitaa mawili ya kanisa, ngoma za kuazima na mwimbaji mmoja.

Mwimbaji alitoka Mpapura, alikuwa na miaka ishirini hivi, na mchana alibeba magunia ya korosho katika ghala la baba. Sauti yake sijui niielezeje. Ilikuwa na ukwaruzo chini na mwanga juu, na alipoipandisha hadi mwisho wake, majirani walizima redio. Baba alimpenda. Na yeye alimtazama baba jinsi watu wanavyotazama saa ya ukutani, kujua wakati ulio sahihi. Alivaa shati lake ndani ya suruali kama baba. Alianza hata kukohoa kidogo kabla ya kusema, kama baba.

Mabango yaliyochorwa kwa mkono yalipotundikwa sokoni Chikongola, yalisema bendi nne za roki zitapiga ukumbini Rahaleo, na mojawapo inatoka Dar es Salaam. Mwandaaji akatuletea habari nyingine, ile iliyomnyima mwimbaji wetu usingizi: bendi ya Dar ilikuwa imekimbiwa na mwimbaji wake, na kiongozi wao angechagua mwingine usiku huo huo kutoka kwa watakaopanda jukwaani. Angeondoka naye.

Niliwatungia wimbo. Wengine waliimba Kiingereza wasichokijua, wakikitafuna tu kama muwa, mimi nilitaka maneno yetu. Wimbo ulikuwa wa kijana ambaye bahari imemkataa na barabara imemkataa, anamlilia baba yake: nimechoka kulala nje, baba, nitafutie mahali. Hadi leo nadhani ulikuwa wimbo mzuri.

Lakini yeye alikuwa Mmakonde, na kila r kwake iligeuka l.

"Sema bahari," nilimwambia, rula mkononi.

"Bahali."

"Barabara."

"Balabala. Mwalimu wangu, ulimi huu umezoea mihogo."

"Utetemeshe."

Mpiga ngoma akacheka. "Mpe pilipili, utatetemeka wenyewe."

"Afadhali pilipili," mwimbaji akajibu. "Hiyo naisema bila lula."

Tulicheka sote, kisha nikagonga meza, tukaanza tena. Wiki tatu nilimshikilia. Nilijiambia namlinda, kwamba wale wa Dar wangemsikia bahali na balabala wakamwona mshamba. Nisijifiche: niliogopa watanicheka mimi, kwa kuwa maneno yalikuwa yangu. Nilimkatiza katikati ya mistari. Nilimkatiza akisalimia. Jioni moja alifika akasimama mlangoni, akakohoa kama baba, akasema, "Habari za nyumbani," na ile r ikasikika, kavu, safi kabisa. Nilimpigia makofi. Alifurahi kiasi kwamba alisalimia mpaka kuku. Kwa siku zilizobaki aliimba kwa nusu sauti tu, akilitunza koo, na mimi nilisikiliza r peke yake. Kingine sikukisikiliza.

Ukumbi ulijaa tangu magharibi. Walianza vijana wa Kihindi wa Mikindani, wana wa wenye maduka, waliokuwa na vyombo vya kweli na viatu vilivyong'aa kuliko vyombo. Walipiga kwa kasi kama wanaowahi kufunga duka. Wakafuata wa chuo cha ualimu, ambao gitaa lao lilipiga makelele ya umeme muda wote, na watu wakadhani ndiyo roki yenyewe wakashangilia. Kiongozi wa bendi ya Dar alikaa pembeni ya jukwaa, miwani ya jua usoni ingawa jua halikuwepo. Baba alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Mimi nilisimama nyuma ya spika na karatasi ya maneno, ingawa niliyajua kwa moyo.

Mwimbaji wetu alipanda. Shati ndani ya suruali. Ubeti wa kwanza ulitoka kama nilivyouota: bahari ikawa bahari, barabara ikawa barabara, na ukumbi ukatulia. Niliona kiongozi wa Dar akivua miwani. Nilisema moyoni, amekwenda, huyu tayari ni wao.

Kisha kikaja kiitikio, naye akakiimba kwa sauti yake yote.

"Nimechoka kurara nje, baba. Nitafutie mahari."

Kwanza kicheko kimoja kutoka upande wa wanawake, halafu ukumbi mzima ukapasuka.

"Mzee, kijana anataka mke," mtu akapaza sauti. "Mtafutie mahari asirare nje."

"Njoo kwetu, kaka," akasema mwanamke mmoja, "tunapokea hata kuku."

Yeye alidhani ni furaha. Kwani angedhani nini? Hajawahi kuona watu mia wakisimama kwa ajili yake. Alirudia kiitikio, wakaitikia. Akarudia tena, wakapiga meza. Mahari, mahari. Aliimba akilia machozi, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo walivyozidi kucheka. Mpiga ngoma alinigeukia. Nilikuwa na karatasi mkononi na sikufanya kitu. Katika ukumbi ule mtu mmoja tu hakucheka. Baba alitikisa kichwa taratibu kwa kufuata mdundo, uso wake mzito, kama mtu anayesikiliza jambo la kweli. Hakusikia kosa lolote.

Kiongozi wa Dar alikuja nyuma ya jukwaa akijifuta macho. "Huyu namchukua," akasema. "Bendi ikipumzika, anapanda kuchekesha. Ila mtu asije akamrekebisha. Ule wimbo auimbe vile vile."

Akaenda kupiga zamu yake. Mwimbaji wetu alibaki amesimama, shati limemgandia mgongoni.

"Kuchekesha?" akaniuliza. "Mwalimu, nimechekesha nini?"

Angeweza kuambiwa na yeyote. Ilibidi niwe mimi. Nilimwambia mahari ni nini na mahali ni nini, kana kwamba hakuyajua, yeye aliyezaliwa akisema mahali bila kufundishwa na mtu. Nilimwambia r nilizitaka kwenye bahari na barabara tu. Mwisho nikasema, "Hapo ulikosea," kwa sauti ya darasani, sauti ya mama. Naisikia bado.

Alifikiri kidogo. Hakukasirika.

"Baba yako anasema hivyo," akasema.

Kwa wiki tatu alikuwa anakuja nyumba ya watu wenye madaftari na muhuri, anaambiwa ulimi wake una ugonjwa, na humo ndani mkubwa wa nyumba anamwambia kaeni mahari pamoja na hakuna anayemgonga rula. Kwa nini asiamini kwamba hiyo ndiyo dawa?

Hakwenda Dar. Bendi iliondoka asubuhi bila yeye, na yeye akarudi ghalani. Wapakizi walimwita Mahari. Watoto wa Rahaleo walimwita Mahari. Nilisikia aliombwa kuimba harusini, akakataa, na harusi nyingine akakataa, mwisho hawakumwita tena. Baba alimuuliza mara moja kwa nini haji nyumbani, naye akasema kazi nyingi.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimechapisha kitabu, kidogo, nilipokutana naye sokoni Chikongola amekaa nyuma ya fungu la mihogo. Amenenepa usoni. Alinitambua kwanza.

"Mzima, dada? Nyumbani wazima?"

Nikasema wazima. Nikasema baba amestaafu.

"Mimi nipo. Nauza mihogo na nazi. Unakaa wapi sasa?"

Nilimwambia. Alizungumza polepole, akisita kabla ya kila neno, na nilidhani ni umri, au haya. Nilikuwa nimeshafungiwa mihogo kwenye mfuko ndipo nilipoelewa. Zamani aliniita mwalimu, sasa dada. Hakuniambia karibu. Hakusema habari. Katika yote aliyoniambia hapakuwa na r wala l, hata moja. Alikuwa anayapita maneno kama mtu anayetembea peku penye vigae. Nikasikia jirani yake wa nyanya akimtania, naye akimjibu haraka haraka, "Lala salama na nyanya zako mbovu," na wote wawili wakacheka. Kumbe ilikuwa kwangu tu.

"Nasikia unatunga vitabu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Ukitunga, mimi usinitaje."

Nilimwahidi. Sijamtaja.