Nguzo Tatu Nilizozinyamazia

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, siku ya kumwaga zege, nilipokuwa nimesimama juani na kikombe cha chai mkononi, nikimtazama rafiki yangu akiinama kuingia chini ya hatari ambayo mimi peke yangu niliijua. Mwanangu, habari hii si ya kujivunia. Naisimulia kwa sababu nimeyaona macho yako mwenzako anaposifiwa, nami nayajua macho hayo. Niliwahi kuyavaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa mbao katika mjengo. Nilikaa Umoja, mtaa ulio mashariki mwa jiji, katika mojawapo ya zile nyumba ambazo wenyewe wameziongezea vyumba mpaka jua limekosa pa kupitia. Mlango wa pili aliishi Idris. Tulicheza pamoja mpira wa makaratasi, tukaenda pamoja Makadara kujifunza useremala kwa Mzee Mbugua. Mama yake alituletea pilau siku ya Idi, na mama yangu akawapelekea chapati siku ya Krismasi. Nakueleza haya ili ufahamu kwamba wivu hauhitaji adui. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na hawakukosea.

Mwaka huo Mzee Mbugua alipewa kazi ya mbao katika ukumbi wa maonyesho uliojengwa ubavuni mwa hoteli ndefu ya vioo, upande ule wa jiji ambao sisi wa Eastlands huenda asubuhi kuujenga na kurudi jioni kulala kwetu. Msanifu alikuwa amelichora paa lake kama jani la mgomba lililoinuliwa na upepo: zege jembamba lililopinda, na bawa moja limetokeza hewani bila ukuta wa kuliegemea. Zege bichi halina mifupa, mwanangu. Mpaka likomae hulazwa juu ya kitanda cha mbao, nacho kitanda hubebwa na nguzo za miti. Anayetengeneza kitanda ndiye anayelitia zege umbo lake.

Nililitaka paa lile kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nilikuwa nimeazima vitabu vya majengo na kuvisoma mpaka kurasa zikalegea. Nilikuwa nimechora mapinde nyuma ya kila kalenda iliyopita nyumbani kwetu. Mzee aliwatazama mafundi wake, akampa Idris paa. Mimi nikapewa vyoo vya wageni.

Chanda chema huvikwa pete. Idris alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, na leo nalisema bila kuumauma maneno. Siku zile sikulisema. Msanifu alipokuja na wageni wake, alipitisha kiganja juu ya mbao za Idris kama mtu anayempapasa farasi, akauliza jina lake, akampiga picha. Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nimebeba ubao begani, na hakuna aliyeuliza jina langu. Tangu saa hiyo nikaanza kuchukia vitu vidogo: kicheko chake, penseli aliyoichomeka sikioni, hata alivyokunja mikono ya shati. Mtaani nako hawakunihurumia. Vijana wa kibandani waliniona nikipita wakapaza sauti:

“Niaje, injinia wa choo! Paa la Idris tumeliona kwa simu. Lako liko wapi?”

Hata mama, ambaye hakuwa na nia mbaya, aliniuliza akikanda unga, “Kariuki, wanasema mwana wa jirani anajenga nyumba inayopaa. Wewe umepewa upande gani?”

“Vyoo, mama.”

“Haya,” akasema. “Hata huko watu wataenda.”

Dada zangu walicheka. Mimi niliacha chakula.

Sasa sikiliza desturi ya Mzee Mbugua, maana kosa langu lilizaliwa humo. Kwake hakuna fundi aliyekagua kazi yake mwenyewe. Siku moja kabla ya zege, mwenzako aliingia chini ya kitanda chako na nyundo ndogo, akagonga nguzo moja baada ya nyingine na kusikiliza. Nguzo iliyobeba hujibu kwa sauti kavu, iliyokaza. Iliyolegea hulia kama debe. Akisikia iliyolegea, huitia alama ya chaki ili ikazwe kwa kabari. Akiridhika, huandika jina lake kwenye nguzo ya kwanza, na jina hilo ndilo ruhusa ya kumwaga.

Ijumaa ile Mzee alinituma mimi kugonga kitanda cha Idris. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikagonga, nikagonga, zote zikajibu vizuri, mpaka nilipofika chini ya bawa. Nguzo tatu za ukingoni zililia. Udongo ulikuwa umelainika chini ya vibao vyake, na kabari zilichezacheza kama meno ya mtoto.

Nilisimama pale na chaki mkononi. Wallahi, angesema Idris, sikumtakia mtu kifo. Nililotaka ni doa: bawa lishuke kidogo, liwe na kibyongo, na msanifu atakaporudi na kamera yake apige picha ya kibyongo hicho. Nikarudisha chaki mfukoni. Nikaenda kwenye nguzo ya kwanza, nikaandika: Kariuki.

Jumamosi malori ya zege yalifika mapema. Idris alinijia, ameshika nyundo.

“Umezigonga zote, ndugu yangu?”

“Zote.”

“Basi nina amani. Ukigonga wewe, mimi sina la kuuliza.”

Akageuka, akainama, akaingia chini ya bawa. Maana hiyo nayo ni desturi: wakati zege linamwagwa, mwenye kitanda hukaa chini yake na kusikiliza mbao. Nilikuwa nikiijua. Lakini jicho la hasidi lilikuwa limelitazama paa tu siku zote, na halikumwona mtu atakayekuwa chini.

Bomba likakohoa, zege likaanza kumiminika upande wa mbali, likitambaa polepole kuelekea ukingoni. Je, nilikimbia? Sikukimbia. Nilijiambia huenda zingeshikilia. Nilijiambia nitaonekana mwongo mbele ya mafundi wote. Zege lilikuwa limevuka katikati ndipo miguu iliponipeleka kwa Mzee Mbugua.

“Simamisha, Mzee.”

“Kuna nini?”

“Nguzo tatu za bawa zimelegea.”

Mzee aliinua mkono, bomba likanyamaza. Akamwita Idris atoke. Sauti yake ikajibu kutoka chini, yenye furaha kabisa:

“Hakuna shida, Mzee! Miti yangu imegongwa na Kariuki!”

Watu wote wakanigeukia. Nikalazimika kusema mara ya pili, kwa sauti ya kumfikia. “Idris, toka. Zimelegea. Nilijua tangu jana.”

Akatoka. Alizunguka ukingo kwa nje, akaigusa nguzo moja kwa vidole viwili, nayo ikainama.

Mzee Mbugua hakunipiga wala hakunifukuza. Alininyang'anya ile nyundo ndogo. “Paa likiharibika tutalivunja tulimwage upya,” akasema. “Mtu hamwagwi mara ya pili. Utajenga, Kariuki, lakini kazi ya mwenzako hutaigonga tena.”

Nguzo zikakazwa, zege likamaliziwa, bawa likatokea jinsi lilivyochorwa. Wiki moja baadaye Idris alinisimamisha mlangoni kwetu. “Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu,” akasema. “Lakini chini ya kitanda changu usiingie.” Tangu siku hiyo tumesalimiana, tumezikiana wazazi, tumelishana. Chini ya kitanda chake sijaingia.

Paa lile lipo mpaka leo, na maarusi hupigia picha chini yake. Wivu wa paa ulinitoka zamani, mwanangu. Uliobaki ni mwingine, nao ni mchungu zaidi: namwonea wivu yule fundi, jina lake silijui vizuri, ambaye Idris humwita siku moja kabla ya zege na kumwambia, “Nigongee.”

Basi nasaha yangu ni hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wivu ni ufa. Uzibe ungali mwembamba: ukihisi umeanza kukichukia kicheko cha mwenzako, nenda ukamsifu kwa kinywa chako, hata kama sifa inakukwaruza koo. Ukiona kasoro katika kazi yake, itaje siku ile ile, mbele yake. Kimya chako kikikuonjesha utamu, kiogope. Na ukiwa umekwisha kukosa, sema kabla zege halijafika ukingoni. Ijapokuwa aibu itakula uso wako mbele ya watu, uso hupona.

Mungu akupe mkono mwepesi. Akikunyima huo, akupe moyo mweupe wa kumshangilia aliyejaliwa. Akujalie wenzako wakukabidhi maisha yao bila kuuliza swali la pili, nawe ustahili. Amina.