Kamera kwenye Kigoda cha Noella

Félicien wa Kimanga alipiga picha za harusi kwa miaka kumi na mitano, na kitu kilichomkera kuliko wajomba walevi ni mapaji ya nyuso yanayong'aa. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali yasiyomlisha: kwa nini taa ileile inamuumiza huyu macho, na jirani yake hana habari? Siku hizi anapima mwanga wa ndani ya nyumba kwa kamera. Anapiga picha saba za mahali pamoja, kuanzia ya giza hadi nyeupe kabisa. Kompyuta inaziunganisha na kuzipaka rangi: buluu penye mwanga hafifu, kijani penye wa kutosha, nyekundu panapochoma macho. Ukimkaribisha chai, ataitazama taa yako kabla ya kukutazama wewe. Nampenda, lakini anachosha.

Mwaka jana aliitwa na Modeste, mwenye ghala la mchele wa Bwegera. Modeste alikuwa amefunga taa mpya kali, na wanawake wanaochambua mchele akawapa masinia ya alumini badala ya nyungo, ili mawe yaonekane upesi. Mawe yaliyobaki kwenye mchele yakazidi. Mengi yalitoka kwenye sinia la Noella, mama wa makamo aliyekuwa pale tangu ghala lifunguliwe. Modeste alikuwa ameshakata shauri: ikiwa taa hazina kosa, basi macho ya Noella yamekwisha, na aende nyumbani.

Félicien akasimamisha kamera kwa kimo chake mwenyewe, kama alivyozoea kwenye harusi. Picha zikatoka buluu na kijani tupu. Akawatangazia wanawake wote kumi na wawili, kwa sauti ya kupita mashine ya kukoboa, kwamba mwanga uko sawa. Wote wakamgeukia Noella. Mimi ningelia. Yeye aliuliza swali.

"Papa Félicien, weye unachambuaka mchele umesimama?"

"Hapana, mama."

"Miye niko naikala hapa chini. Njoo uikale."

Félicien akakaa kwenye kigoda chake, magoti yakikaribia kidevu, sinia mapajani. Mwanga wa taa iliyokuwa mbele ya kigoda hicho ulidunda kwenye alumini ukampiga machoni, na mchele ukapotea. Akafurahi hata akasahau kuona aibu, ndivyo alivyo huyu mtu. Akaishusha kamera hadi usawa wa macho ya Noella, akapiga saba nyingine. Katikati ya sinia palikuwa pekundu: pale paling'aa mara mia kuliko mchele wa kando. Akaweka ungo mahali pa sinia, wekundu ukatoweka. Akageuza kigoda, akainamisha sinia, akapima tena na tena. Angeachwa, angeendelea hadi jioni.

Modeste alizitazama picha. "Basi, Mama Noella, rudi kwa kazi. Yameisha."

"Hayajaisha, patro," Noella akamwambia tajiri wake, kisha akamgeukia Félicien. "Ile ya kwanza ulisema na sauti kubwa. Na hii iseme vilevile."

Félicien akasimama. Akasema alipima macho yake mwenyewe badala ya ya mchambuaji, kwamba kosa ni lake, na macho ya Mama Noella ni mazima.

"Rudilia pale pa macho yangu," Noella akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Akarudia.