Kamati Iliyotazama Mlima

Mwaka wa 1973 Drusilla Gesare wa Sironga alikalia mashua ya mpira kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu wakisimulia habari hiyo hucheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka siku ile, na hajaanza mpaka leo.

Tuanze na bwawa lenyewe, maana uchungu ulianzia hapo. Palikuwa bonde tupu la matete, mbu na vyura. Wanawake kumi na mmoja, Drusilla akiwa kiongozi wao, walilichimba kwa majembe yao ya shambani, wakabeba udongo kichwani kwa karai mpaka nywele za utosini zikakatika. Tryphosa, jirani yake wa mpaka mmoja, alichimba akiwa na mimba ya miezi saba. Wanaume walipita juu barabarani wakipeleka majani chai, wakauliza, "Mnamchimbia nani kaburi kubwa hivyo?" Bwana samaki wa serikali alipoleta vifaranga vya tilapia ndani ya debe, waliompokea ni wanawake. Waliowalisha miaka miwili kwa mchwa, pumba na makombo ya ugali, ni hao hao.

Samaki walipokua, ghafla ikazaliwa kamati ya bwawa. Wazee watano! Hakuna hata mmoja aliyejua uzito wa karai la udongo. Mwenyekiti alikuwa Alfayo Nyamweya, mtu wa koti jeusi na sauti ya kanisani. Mzee Onchiri, baba mkwe wa Drusilla, alikuwa mmoja wao.

"Akina mama wamefanya kazi nzuri, tunawashukuru," Nyamweya alisema barazani. "Lakini samaki wakubwa wako katikati, penye kina. Mwanamke atafika huko na nini? Na sufuria? Nehemiah wa Keroka ana nyavu na ana watu. Tumpe yeye bwawa, naye atatukumbuka."

Atatukumbuka! Drusilla alisikia shingo yake inawaka moto. Akasimama.

"Tupeni siku moja, mwenyekiti. Tukishindwa kufika katikati, mpeni huyo Nehemiah."

"Ijumaa, saa tatu asubuhi," Nyamweya akasema. "Kamati itakuja ione kwa macho yake samaki wakitoka kwenye kina. Tusipoona, maneno yameisha."

Basi Drusilla akaenda kwa shemeji yake Joash, dereva, aliyewahi kumwendesha mzungu mmoja mpima barabara. Mzungu yule alipenda kuvua, na alipoondoka alimwachia Joash mashua yake ya ajabu: mirija miwili ya mpira, minene kama vigogo vya migomba, na katikati kiti cha turubai kwenye fremu ya chuma. Mtu huketi pale miguu ikining'inia majini, akapiga makasia mawili. Joash alikuwa ameikunja kama ngozi ya ng'ombe, ameitupa ghalani, na kuku walikuwa wakiitagia mayai.

"Kizibo kimoja kilipotea, shemeji," Joash alisema. "Nimeziba kwa gunzi la mahindi, nikalizungushia mpira wa baiskeli. Linashika."

Hakumwambia neno lingine. Kesho yake alfajiri akaenda safari ya Kericho na lori lake.

Wavu waliupata kwa mama mmoja muuza samaki wa soko la Daraja Mbili. Mpango ulikuwa mwepesi: Tryphosa na wenzake wangeshika ncha moja ya wavu ukingoni, Drusilla angebeba ncha ya pili mpaka katikati, azunguke, arudi, kisha wavute pande zote mbili.

Ijumaa saa mbili mashua ilikuwa tayari juu ya nyasi, imepigwa pampu ikakaza kama ngoma. Saa tatu ikafika, kamati haipo. Saa nne, haipo. Jua likapanda, likaikaanga ile mipira, na mirija ikazidi kuvimba. Drusilla hakujua kwamba hewa ikipata joto hutafuta mlango. Nani angemwambia? Saa saba na nusu wazee wakateremka bondeni polepole, wamekula, wameshiba, Nyamweya akichokonoa meno.

"Bado mpo?" akauliza.

Drusilla alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, la buluu, kwa kuwa ilikuwa siku ya heshima. Kosa la kwanza hilo. Alipoketi na kutanua miguu, mrija huku, mrija huku, gauni likapanda juu ya magoti. Hapo hapo wazee wote watano wakageuka kwa pamoja kama askari wa gwaride, wakatazama mlima.

Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba mkwe hatazami mwili wa mke wa mwanawe, na wazee wote wa rika la baba mkwe huhesabiwa kuwa baba mkwe. Drusilla aliiheshimu chinsoni tangu siku alipoolewa. Lakini siku ile alijiuliza: wazee hawa walikuja kuona nini?

Akapiga makasia. Mashua ikazunguka mahali pamoja kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kosa la pili: alivuta kwa mkono wa jembe, ule wenye nguvu, na mkono wa pili ukamfuata tu. Wanawake wakapiga kelele, na wazee waliposikia kelele wakaanza kutoa mashauri, migongo kwa bwawa!

"Vuta kulia, mama! Kulia!" Nyamweya aliuamuru mlima.

Naye Drusilla, aliyezoea kutii sauti ile, akavuta kulia, akaenda moja kwa moja kwenye visiki vya mikuyu ambavyo havikung'olewa bwawa lilipojazwa. Makasia yakanasa.

"Anakwenda vizuri?" Nyamweya akauliza.

"Geuka uone!" Tryphosa akamjibu kwa ukali.

Hakugeuka. Drusilla alijinasua mwenyewe, kwa kusukuma kisiki kwa mguu, akafunga mdomo, akaacha kumsikiliza mtu yeyote asiyekuwa na maji mbele ya macho yake. Akavuta kwa mikono yote miwili sawasawa, kidogo kidogo, na mashua ikanyooka. Alifika katikati. Akamwaga wavu, akazunguka, ncha ameifunga kwenye fremu ya kiti, akaanza kurudi.

Hapo gunzi likafyatuka. Lilimpita sikioni likilia kama risasi, na mrija wa kushoto ukaanza kupumua, fuuu, ukilegea. Mashua ikainama. Drusilla hakujua kuogelea. Nani wa Sironga alijua? Akajitupa kifudifudi juu ya mrija wa kulia, akaukumbatia, gauni limeloa, kilemba kimezama.

"Vuteni! Vuteni wavu!"

Wanawake kumi wakavuta ncha yao. Wavu ukavuta fremu, fremu ikavuta mashua, mashua ikamvuta Drusilla, na pamoja naye wakaja samaki, wanarukaruka, wakubwa kama nyayo za mtu mzima. Vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Tryphosa akamfunika leso. Ndipo wazee wakageuka.

Nyamweya alitazama samaki kwenye nyasi, akakohoa.

"Kamati inasikitika," akasema. "Kamati haikuona samaki wakitoka majini. Pengine walinunuliwa Daraja Mbili."

"Wanapumua!" Tryphosa akapaza sauti. "Umewahi kununua samaki anayepumua Daraja Mbili?"

"Mimi nasema tulichokiona."

Drusilla alimtazama baba mkwe wake. Mzee Onchiri alikuwa akitazama fimbo yake. Neno moja lake lingetosha, na hakulisema. Hilo ndilo lililomchoma kuliko gunzi, kuliko maji. Na kumgombeza hakuweza, chinsoni ilimfunga. Akamgeukia Tryphosa, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Tryphosa, waulize wazee: mwanamke akizama, huwa anazama kwa heshima au bila heshima? Waulize kama wangemwambia mwanangu Jemimah kwamba mama yake alikufa nyuma ya migongo yao. Na waambie wasiondoke. Narudi majini."

"Jua linashuka, na likizama Sabato inaingia," Nyamweya akasema haraka.

"Jua liko juu ya mlima wa Manga bado. Mngekuja saa tatu, tungekuwa na jua la kutosha."

Akamwomba Abigael, mchuma chai aliyekuwa ametoka shambani, ile aproni yake ya plastiki ya kujikinga na umande, nzito, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akaifunga kiunoni, akafunga na ya pili, ya mchuma mwingine, kwa nyuma. Akachonga kizibo cha mti wa mpera kwa panga, akakifunga kwa mpira mara saba. Akapiga pampu mashua ikiwa majini tayari, kwenye kivuli, na hakuijaza mpaka mwisho. Safari hii kamba ilifungwa kwenye fremu, ncha yake ikabaki mikononi mwa Tryphosa. Hakuna aliyemfundisha hayo. Bwawa lilimfundisha kwa saa moja.

Akaketi. Hata kifundo cha mguu hakikuonekana.

"Haya, wazee," akasema. "Chinsoni imevaa aproni. Macho huku."

Hawakuwa na mlima wa kutazama tena. Walisimama wakamwona akienda, akimwaga wavu, akizunguka, akirudi. Wavu ulipopanda ukingoni ulikuwa na samaki kumi na saba. Mzee Onchiri akagonga fimbo chini.

"Nimeona," akasema. "Andika, Alfayo. Na safari ya kwanza pia, masikio yangu yaliiona."

Bwawa likabaki la wanawake. Nehemiah alirudi Keroka na nyavu zake. Jumapili, Drusilla alimpelekea baba mkwe samaki wawili, kwa mkono wa Jemimah, kama chinsoni inavyotaka. Watu walisema ameshasamehe. Hakusamehe. Kama yule mzee angeyasema maneno yale mara ya kwanza, asingerudi majini akiwa na mikono iliyochubuka mpaka damu, na hilo hakulisahau.

Mwezi uliofuata Nyamweya alikuja kuomba samaki, kofia mkononi. Drusilla hakumnyima. Alimwekea sahani ya samaki juu ya jiwe nyuma ya mgongo wa mwenyekiti, akamwambia kwa adabu zote:

"Wako hapo, Baba. Ila itabidi ugeuke."